Damu ya Mgeni

Siku tulipomzika nkambo wangu Victorine, katekista alisimama ukingoni mwa kaburi akasema marehemu alikuwa mama mpole na mtii. Nusura nimrukie. Mpole! Mwanamke aliyemwambia daktari wa Kizungu uso kwa uso kwamba kazi yake yote ni bure, tena katika miaka ya hamsini, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville na mtu mweusi hakohoi mbele ya Mzungu bila ruhusa? Nitamsimulia mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa namna hiyo watamgeuza sanamu ya kanisani.

Kwetu njo ni ndiyo, kutosha ni kutoa, na nkambo ni mama wa mama yako. Wangu alizaliwa upande wa Mitwaba, kaskazini, akaletwa mjini juu ya lori, katikati ya magunia ya mihogo, kuolewa na Donat aliyekuwa akifyatua matofali katika kiwanda kimoja pembeni mwa mji. Walikaa Kenya. Simaanishi nchi ile ya mashariki. Kenya yetu ni mtaa wa wafanyakazi, nyumba zimebanana hadi jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Bomba la maji lilikuwa moja kwa njia nzima, kwa hiyo kila mlango ulikuwa na pipa lake, na katika kila pipa walicheza wale wadudu wadogo ambao baadaye huwa mbu. Hakuna aliyewajali. Ulichota, ukachuja kwa kitambaa, ukapika.

Mwaka ninaousema mvua zilizidi, na pamoja na mvua ikaja homa ya magoti. Hilo ndilo jina watu waliloipa. Mtu alilala mzima, akaamka anatetemeka, na kabla ya jua kupanda viungo vyote vilikuwa vimekaza. Homa yenyewe ilipita upesi, ila maumivu yalibaki miezi. Wanawake walishindwa kushika mwiko na kusonga bukari, ugali wetu. Wanaume walishindwa kufunga vifungo vya shati. Jirani yao Mama Kulthumu, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, alikuwa na mume fundi cherehani, Alimasi, na vidole vya Alimasi havikuweza hata kutunga uzi. Vijana waliwacheka wazee wanaotembea wameinama, kisha wakainama na wao.

Donat alipatwa vibaya zaidi. Alirudi kazini mapema kwa sababu hakuwa na njia nyingine, lakini mikono yake ilishindwa kuinua kalibu ya kufyatulia iliyojaa udongo. Msimamizi wao alikuwa Mbelgiji ambaye watu walimwita Bwana Kiko, kwa kuwa kiko cha tumbaku hakikumtoka mdomoni. Bwana huyu alisimama mbele ya wafyatuaji wote akamnyooshea Donat kidole.

"Muvivu! Hii homa yenu ni homa ya kukataa kazi."

Akarudia maneno hayo kila siku, na si kwa Donat peke yake. Kufukuzwa kazi enzi hizo hakukuwa mchezo. Mtu mweusi alikaa mjini kwa sababu ya kazi yake. Kazi ikiisha, na ruhusa ya kukaa imeisha, anapakiwa yeye na mke na watoto kurudi alikotoka. Mama yangu, Edith, alikuwa ameanza kusoma kwa masista. Nkambo hakuidharau Mitwaba hata kidogo, ila alisema kwenda kwao kwa miguu yake ni jambo moja, na kurudishwa kama gunia lililooza, pamoja na jina la uvivu juu ya mumewe, ni jambo jingine.

Kiangazi kilipoanza akaja mtaani daktari wa maabara, mkazi wa siku nyingi wa upande wa Wazungu. Alitaka kujua ni watu wangapi wa Kenya walioipata ile homa. Sasa ninajua kwamba lilikuwa jambo zuri, na ningependa angewaambia na wenyewe. Aliweka meza mbele ya zahanati, na muuguzi wake Zéphirin, kijana mweusi aliyetoka mji mwingine, akapita nyumba kwa nyumba akiita majina. Njoo, kunja mkono wa shati, toa damu, nenda. Sababu haikutajwa. Jioni ya kwanza tu mtaa ulikwisha kumbatiza yule daktari: Bwana Sindano.

Sasa mwambie mtu wa Élisabethville wa wakati ule kwamba Mzungu anataka damu yake, usimpe sababu, halafu umtegemee aje mbio! Kila mtu alizijua habari za batumbula, wale wakamataji waliosemekana kuteka watu njiani kwa ajili ya Wazungu, na aliyetekwa haonekani tena. Sisemi walikuwapo. Nasema waliogopwa. Na mtawala anayefunga mdomo ana haki gani ya kushangaa watu wakijitafutia maelezo wenyewe?

Lakini kukataa waziwazi kulikuwa kutafuta jela, ndipo Kenya ikatumia akili. Kiangazi ni msimu wa wageni. Mavuno yamekwisha, vijana wanatoka vijijini kuja kutafuta kazi, wanalala kwa mjomba, kwa shangazi, na wanakula kweli kweli. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini jembe hakuna, basi wakapewa sindano. Jina la mwenyeji likiitwa, mgeni anaruka: "Ni miye!" Kijana mwenye afya kama mbuzi wa Pasaka, ambaye homa ya magoti ilipita mjini yeye yuko kijijini anawinda panya, anatoa damu kwa jina la mjomba wake, kisha anarudi nyumbani kuchinjiwa kuku.

Nkambo alifanya vivyo hivyo. Jina la Donat lilipoitwa, Donat alikuwa kiwandani. Nkambo akamsukuma mbele Godefroid, mtoto wa kaka yake, aliyeshuka kwenye lori la Mitwaba wiki ile ile. Zéphirin hakumjua mtu mtaani, akaandika. Nkambo hakumwambia mumewe, maana aliona mgonjwa asiongezewe mawazo. Mtaa mzima ulicheka hadi mbavu zikauma. Bwana Sindano kapigwa chenga!

Kicheko kilikatika alasiri moja Donat aliporudi mapema, kofia mkononi. Nkambo alikuwa uani anapepeta unga.

"Banafukuza miye ku kazi," Donat alisema.

"Juu ya nini?"

"Bwana Kiko anasema docteur anapima damu ya bantu ya Kenya, anakuta ile homa karibu haiko. Anasema hata damu yangu iko safi, njo kusema miye ni muvivu tu." Akaketi chini polepole, kama walivyoketi wote wenye magoti yale. "Damu gani? Miye sikutosha damu."

Ungo ulisimama mikononi mwa nkambo.

"Ilikuwa damu ya Godefroid," alisema.

Donat alimtazama. Hakuwa mtu wa kelele, na nadhani kelele ingekuwa nafuu.

"Njo vile? Basi njo weye unanifukuza ku kazi, Mama Edith."

Nkambo aliniambia kwamba katika maisha yake alitukanwa na Wazungu, na wanajeshi, na wakwe, na hakuna tusi lililomkaa kifuani kama maneno yale. Alilia, akafuta uso, akaanza kukasirika. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Machozi kwake yalikuwa kama maji ya kunawa kabla ya kazi.

Maana jambo lilikuwa limewageukia. Waliodhani wamemdanganya daktari walikuwa wamempa Bwana Kiko fimbo. Daktari alipima damu ya wageni, hakukuta homa, akawaambia wenye viwanda ukweli wa damu ile, na sasa kila mwenye viungo vibovu Kenya alikuwa mvivu kwa ushahidi wa sayansi. Wengine kiwandani walifukuzwa pamoja na Donat. Waliambiwa mwezi ukiisha wawe wameondoka mjini.

Nkambo alianzia kwa Mama Kulthumu, aliyekuwa akikaanga mandazi ya kuuza.

"Kesho naenda kwa Bwana Sindano," alisema. "Naenda kumwambia ile damu haikuwa yetu."

Mama Kulthumu aliacha mandazi yakaungua. "Unapata kichaa? Batafunga bantu bote! Shi hata Alimasi alituma mugeni."

"Bwana yako iko na mashini yake mwenyewe, hakuna muzungu wa kumufukuza. Wangu njo anafukuzwa."

"Juu ya ule wako, tuanguke bote?"

"Nitasema nyumba yangu. Yako siijui."

"Na bakikupiga?"

"Bapige. Nikiinuka nitasema tena."

Mama Kulthumu hakumpa hata kwaheri. Wanawake wengine waliposikia, walimwita msaliti kabla hata hajafungua mdomo, na mmoja akamrushia maji ya kuoshea vyombo miguuni. Nkambo alikung'uta miguu akapita.

Asubuhi alivaa kikwembe chake cha kwendea misa akaenda kwa miguu hadi maabara, ng'ambo ya uwanda mtupu ulioachwa makusudi kati ya mji wetu na mji wa Wazungu, eti magonjwa yetu yasivuke. Mlangoni alimkuta Zéphirin.

"Mama, bagonjwa banaenda ku dispensaire."

"Miye siko malade. Nakuya kuona ule mwenye kuchukua damu."

Alipomweleza sababu, Zéphirin alibadilika rangi. Alimsihi arudi nyumbani. Alisema yeye ndiye aliyeandika majina, na akifukuzwa mama yake atakula nini. Nkambo alimwonea huruma, nami pia namwonea, lakini alimsogeza pembeni kwa kiwiko akaingia.

Daktari alikuwa mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Kiswahili alikijua, kile cha kuagizia.

"Docteur," nkambo alisema akiwa amesimama, "ile kazi yako yote ni bule. Damu unaandika jina ya bwana yangu Donat, si yake. Ni ya mutoto ya kaka yangu. Ile homa ilipita mu Kenya, yeye alikuwa Mitwaba."

Ilichukua muda daktari kuelewa. Alipoelewa, aligonga meza hadi chupa zikalia.

"Bangapi banafanya vile?"

"Najua nyumba yangu."

"Nitaita polisi!"

"Ita. Lakini polisi hataweza kukuambia ile damu ni ya nani. Miye naweza."

"Juu ya nini mulinidanganya?"

"Na weye, juu ya nini haukutuambia damu inaenda wapi? Unatosha damu ya muntu sawa unachota maji mu pipa. Hata bonjour hausemi."

Hapa lazima nimpe daktari haki yake, ingawa sipendi kuwapa Wazungu wa enzi zile zaidi ya wanachostahili. Angeweza kuita polisi. Badala yake alikwaruza shingo, kisha akamwita Zéphirin atafsiri vizuri, akamchukua nkambo hadi chumba cha nyuma. Kulikuwa na masanduku yaliyojaa panya weupe wadogo. Alimweleza kwamba maji ya damu ya mtu huchanganywa na sumu ya ile homa, kisha panya anachomwa mchanganyiko huo. Panya akifa, damu ile haijawahi kuijua homa. Panya akiishi, damu ilikwisha pigana nayo zamani, ndiyo iliyomkinga. Panya wote wa damu ya Kenya, alisema, walikufa isipokuwa wachache, naye alishangaa sana, kwa sababu alikuwa ameona kwa macho watu wanaotembea wameinama.

"Uliona bantu banainama," nkambo alisema, "na ukaamini panya?"

Nkambo akampa masharti. Damu itolewe upya, mchana, uwanjani karibu na soko, kila mtu akiona. Wa kwanza kuchomwa awe daktari mwenyewe. Na majibu yasomwe pale pale, kwa Kiswahili, wenye damu wayasikie kabla ya wenye viwanda.

"Na kama nikikataa?" daktari aliuliza.

"Utabaki na damu ya bageni."

Siku ilipofika, uwanja ulijaa. Watu walikuja kutazama, hawakuja kuchomwa. Hilo lilionekana kwa jinsi walivyofumbata mikono. Habari ya panya ilikwisha enea, na wazee walikuwa wanaulizana tangu lini panya akawa jaji. Daktari alivua koti, akakunja mkono wa shati, akakaa. Zéphirin, ambaye hajawahi kumchoma mkubwa wake, alitetemeka hadi akakosa mshipa, akarudia, na umati ukasema "pole" kwa sauti moja, wengine kwa huruma na wengine kwa raha. Damu ilikuwa nyekundu kama ya watu wote. Kisha alikaa nkambo, kisha Donat, aliyeletwa ameshikwa mkono.

Halafu hakuna mtu. Kiti kilibaki kitupu, na Zéphirin akaanza kupangapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa. Nkambo alisimama pembeni akibana pamba kwenye mkono wake. Aliniambia kwamba wakati ule alimchukia kila mtu wa Kenya, kwa majina.

Kelele ikatokea nyuma. Mama Kulthumu alikuwa anapasua umati kwa viwiko, huku akimvuta Alimasi kwa kanzu.

"Tokeni mu njia! Miye niko na mandazi ku moto, sina siku muzima ya kupoteza." Akamkalisha mumewe kitini, akamgeukia nkambo. "Usinitazame vile. Ulifikiri nitakuacha peke yako na hawa bajinga?"

Baada ya hapo mstari ulifika barabarani. Vijana wa vijijini walisimamishwa upande mmoja, wakakatazwa kusogea, na Godefroid alisikitika kwa sababu ya kuku.

Majibu yalichukua wiki kadhaa, na mwezi wa Donat ulikuwa unayeyuka. Nkambo alikwisha funga vyombo katika shuka moja, akavifungua, akavifunga tena. Hatimaye daktari alikuja na kusimama juu ya kreti sokoni, na Zéphirin akasoma kwa sauti ambayo haikutetemeka.

"Mu bantu kumi ya Kenya, saba balipata ile homa. Saba mu kumi! Haikuwa buongo, haikuwa buvivu. Inaletwa na mbu, na ile mbu inazaliwa mu pipa zenu za maji. Muzifunike."

Akataja jina la kila aliyetaka kutajwa. Donat alikuwamo. Alimasi alikuwamo, akainua vidole vyake vilivyopinda kuonyesha umati, kama vile mtu alikuwa bado anabisha. Kisha Zéphirin akasita, akamtazama mkubwa wake, na daktari akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Na docteur pia. Panya yake iliishi."

Unajua kicheko cha Kenya? Paa za bati zililia. Uwanda wote ule mtupu kati ya miji miwili, na mbu kauvuka bila karatasi! Daktari alikumbuka, akasema mwenyewe, kwamba wakati wa mvua alilala kitandani akidhani ni mafua. Hakuna aliyemwita mvivu. Jioni ile mapipa ya mtaa yalifunikwa kwa magunia na mabati, bila polisi na bila faini, kwa sababu safari hii kuna mtu aliyejisumbua kueleza.

Kesho yake Bwana Kiko, aliyepata majibu yale kutoka kwa daktari, aliwaita waliofukuzwa. Donat alikwenda akichechemea, na nkambo akamfuata hadi langoni mwa kiwanda, ambapo wanawake hawakuruhusiwa kupita. Akasimama pale. Wafyatuaji walikuwa kwenye safu zao, tope hadi viwiko.

"Utarudi ku kazi," Bwana Kiko alimwambia Donat. "Nitakupa kazi ya kuhesabu tofali. Lakini mbele ya kuanza, unaomba pardon hapa, bantu bote basikie, juu muke yako alidanganya docteur."

Donat aliwageukia wafyatuaji wenzake.

"Muke yangu alidanganya," alisema, "halafu akaenda kusema yeye mwenyewe, muchana, bila kuitwa. Weye uliniita muvivu hapa hapa, mbele ya hawa bantu. Na weye sema."

Bwana Kiko alitoa kiko mdomoni, akakirudisha, akaingia ofisini kwake akabamiza mlango. Donat hakuondoka. Alikaa juu ya rundo la matofali akanyoosha magoti. Mfyatuaji wa karibu yake aliweka kalibu chini, akakaa. Akakaa na wa pili. Kabla jua halijafika utosini safu zote zilikuwa zimekaa, na tope lililokwisha kanyagwa lilianza kupasuka kwa kukauka, tanuri linangoja.

Mlango ulifunguliwa. Bwana Kiko alisimama kizingitini akiangalia juu ya vichwa vya watu.

"Donat alikuwa malade," alisema. "Haikuwa buvivu."

Alikuwa amekwisha geuka kuingia ndani aliposikia sauti ya mwanamke kutoka langoni.

"Sema na nguvu, Bwana. Bantu ya nyuma habasikie."

Wafyatuaji wote waligeuka kumtazama nkambo, kisha wakageuka kumtazama Mzungu, wakangoja, na hakuna aliyegusa kalibu.

Akarudia.